Sura ya Saba: Gurudumu Lililonenepa

Binadamu wameiba mengi tangu wapewe mikono. Wameiba ng'ombe, wameiba kura, na katika shule moja ya bweni ambako Bi Nukta alifundisha hesabu kwa miaka ishirini na miwili, waliwahi kuiba mlango wa choo pamoja na bawaba zake. Lakini asubuhi ile alikuwa ameitwa kuchunguza wizi wa sehemu tisa za kumi za milimita moja, na waliomwita walikuwa na nyuso za watu waliotoka mazikoni.

Mtuhumiwa alikuwa amelazwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Lilikuwa gurudumu la alumini, dogo kuliko kikombe cha chai, jembamba juu na pana chini, lenye mapanga yaliyopinda kama majani yanayosukumwa na upepo. Katika gari la mashindano gurudumu hilo hukaa ndani ya turbo. Humo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, likivuta hewa kwa upande wake mwembamba, ambao mafundi huuita mdomo, na kuisukuma kwenye injini kwa upande wake mpana, ambao mafundi, kwa kuwa hawakusomea adabu, huuita kitako. Mdomo ukiwa mkubwa injini hula hewa nyingi, na injini iliyoshiba hewa hupanda mlima kama imefukuzwa na nyuki. Ndiyo maana kanuni za chama cha mashindano ya magari zilisema mdomo usizidi milimita hamsini nukta sifuri.

"Kabla ya msimu kuanza ulikuwa arobaini na tisa nukta sita," alisema Babu Vipimo. "Jumapili, baada ya mbio, hamsini nukta tisa."

Aliweka fomu mbili mezani, akazinyoosha mpaka kingo zikalingana. Babu Vipimo alikuwa mkuu wa chumba cha vipimo kwa miaka thelathini na moja. Ndiye aliyemfundisha Bi Nukta kushika kalipa, ule mkasi wa chuma wenye taya mbili na namba mgongoni, siku mwalimu huyo alipoacha chaki na kuajiriwa na chama kuwa mpelelezi wake. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kupima tena kitu ambacho Babu amekwisha kukipima. Ingekuwa sawa na kumwamsha jogoo ili umwambie kumekucha.

"Nani alipima mara ya kwanza?"

"Mimi."

"Na Jumapili?"

"Mimi. Mkono ule ule, jicho lile lile."

"Basi jibu mnalo," ilisema sauti kutoka dirishani. "Chuma hakinenepi."

Mwenye sauti alikuwa Bwana Miwani, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona macho yake. Jumapili alikuwa ameshika nafasi ya pili, na Jumapili hiyo hiyo, kabla jasho halijakauka, aliandika malalamiko dhidi ya aliyeshika ya kwanza.

"Hiki si chuma, ni alumini," alisema Bi Nukta.

"Alumini nayo hainenepi, mama."

"Hapo tumekubaliana."

"Yule fundi amebadilisha gurudumu. Alipimisha dogo, akakimbia na kubwa. Muhuri wa risasi uliofungwa kwenye turbo ili lisifunguliwe haupo. Na nati inayoshika gurudumu ina mikwaruzo mipya, niliiona kwa macho yangu."

"Kupitia miwani hiyo?"

Bwana Miwani aliisukuma miwani juu zaidi puani. Bi Nukta aliandika *muhuri* na *nati* katika daftari lake, kila neno mstari wake. Kisha akazisoma zile fomu kama alivyokuwa akisoma barua za wazazi zinazoomba ruhusa ya mtoto kwenda kliniki: taratibu, na kwa nia ya kumkamata mtu. Mdomo ulikuwa umebadilika. Kitako hakikubadilika. Fomu ya kwanza, sitini na saba nukta sifuri. Fomu ya pili, sitini na saba nukta sifuri.

"Hilo kasha ni la nini?" aliuliza.

Uso wa Babu uling'aa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alilifungua kasha. Ndani, juu ya kitambaa laini, zilipangwa pete ishirini za chuma, zikipishana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, kila moja imeandikwa namba yake. "Zimefika wiki mbili zilizopita. Unaushusha mdomo kwenye pete. Ukiingia, umeingia, ukikataa, umekataa. Hakuna kubishana. Nilizizindua kwa gari la mshindi." Alifuta pete moja ambayo haikuwa na vumbi. "Ile ya hamsini nukta nane ilikataa. Ya nukta tisa ikakubali."

"Hongera, Babu."

"Asante, mwanangu."

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Kukutwa na mdomo uliozidi ni kosa dogo: unanyang'anywa ushindi wa siku hiyo na kurudi nyumbani umenuna. Kubadilisha gurudumu baada ya kupimwa ni udanganyifu, na mdanganyifu hufungiwa maisha, fundi pamoja na dereva wake, na karakana yao hufutwa katika orodha ya chama. Kikao kilikuwa saa kumi alasiri. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika tano. Bi Nukta alilifunga gurudumu katika kitambaa chake, akalitia mkobani, akaondoka.

*

Fundi mwenyewe aliitwa Mjomba na kila mtu, hata waliomzidi umri, kwa sababu dereva wake alikuwa mpwa wake na hakuacha kumwita kwa sauti ya kuvunja vioo. Mpwa huyo aliitwa Kona. Bi Nukta alimkuta amekaa juu ya tairi, amelikumbatia kombe la Jumapili kama mtu anayesubiri kunyang'anywa mtoto.

"Shikamoo, Bi Nukta."

"Marahaba. Mjomba wako yuko wapi?"

"Chini ya gari. Tangu Jumapili anaishi huko."

Mjomba alijisukuma nje, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Alikuwa mtu mrefu mwenye mabega ya kuomba radhi.

"Kati ya siku ya kupimwa na siku ya mbio, ulilifungua turbo?"

"Sikulifungua."

"Hata kidogo?"

"Turbo halifunguliwi kidogo, dada. Linafunguliwa au halifunguliwi."

"Ulilipata wapi?"

"Nililinunua zima, likiwa limekwisha kuunganishwa. Nikaupima mdomo kwa kalipa yangu, nikapata arobaini na tisa nukta sita. Nikalipeleka kwa Babu, naye akapata hivyo hivyo. Babu akishasema, mimi ni nani?"

Bi Nukta aliyaandika hayo bila kuyapa uzito. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imemfundisha kwamba mtuhumiwa na ushahidi wake hulala kitanda kimoja.

"Muhuri wa risasi uko wapi?"

"Sijui."

"Mjomba, hilo 'sijui' nimelisikia mara nyingi maishani. Mara nyingi lilikuwa limejificha chini ya blanketi la mtu mwingine. Naomba niangalie makabati yako."

Aliangalia. Alifungua kila droo, akasoma kila kopo. Katika droo ya mwisho, nyuma ya mikebe ya grisi, kulikuwa na bati la biskuti lililofungwa kwa utepe wa umeme. Mjomba alipoliona alitazama dari. Watu wasio na hatia hutazama bati.

Ndani, katika kipande cha flana, lilikuwamo gurudumu la turbo.

Kona alisimama. "Mjomba!"

Bi Nukta alitoa kalipa. Gurudumu lile lilikuwa na mapanga sita marefu. Alibana mdomo, ncha kwa ncha, akasoma: arobaini na tisa nukta tano. Aliinua kichwa kama mwalimu aliyeshika karatasi mbili zenye makosa yanayofanana.

"Dogo," alisema. "Limefichwa. Na mdomo wake unakaribia kabisa ule wa fomu ya kwanza. Ningekuwa Bwana Miwani, sasa hivi ningekuwa nacheka."

"Silo hilo," alisema Mjomba.

"Najua wewe utasema silo. Acha lenyewe liseme."

Alipima kitako: sitini kamili. Fomu zote mbili zilisema sitini na saba. Kisha akachukua shafti ya turbo, ule mhimili wa gurudumu, iliyokuwa wazi kwenye benchi tangu Jumapili, akajaribu kulivisha gurudumu. Shafti ilikuwa nene milimita nane. Tundu la gurudumu lilikuwa milimita sita. Halikuingia hata kwa kuombwa. Mwisho akaligeuza kwenye mwanga wa mlango, akaona panga moja limeng'atwa ncha.

"Hili halijawahi kukaa kwenye turbo lile. Ni la gari jingine, na lilimeza kitu kigumu. Kwa nini umelificha?"

Mjomba alijikuna kisogo. "Lilimeza nati. Nati yangu. Niliisahau ndani ya bomba la hewa. Gari la kwanza la huyu mtoto."

"Lile lililokufa katikati ya mlima?" alisema Kona. "Wewe uliniambia ni petroli chafu!"

"Petroli nayo haikuwa safi sana."

"Miaka mitatu nawatukana watu wa kituo cha mafuta, Mjomba! Kila nikipita!"

"Ndiyo maana nililifunga utepe."

Bi Nukta aliandika *gurudumu la bati* katika daftari, kisha akalikata. Uongo ulikuwepo, ila haukuwa ule aliotumwa kuutafuta. Akainama upande wa gari.

"Babu aliufunga wapi muhuri?"

"Hapa." Mjomba alionyesha. "Upande huu wa turbo, unaopitisha moshi."

"Na upande huo huwa na joto kiasi gani?"

"Baada ya mlima? Unakuwa mwekundu. Unaweza kuwashia sigara ukiwa hatua tatu mbali."

Bi Nukta alilala chali juu ya kadibodi bila kujali sketi yake, akaingia chini na tochi. Aliwahi kuwakamata wanafunzi wa kidato cha pili wakiyeyusha risasi ya betri kuukuu katika sufuria ya jikoni, na alikumbuka jinsi ilivyolainika upesi kuliko walivyotarajia, na jinsi uji wa kesho yake ulivyomwagwa wote. Juu ya mkono wa chuma, chini kabisa ya turbo, lilikuwapo tone la kijivu lililoganda, bapa kama sarafu. Lilikuwa limeng'ang'ania ncha ya waya, naye akalibandua.

"Muhuri wako huu," alisema kutoka chini. "Haukukatwa. Uliyeyuka. Aliyeufunga aliufunga mahali ambapo usingemaliza hata kona ya tatu."

"Basi tumepona?" aliuliza Kona.

"Hapana. Muhuri ulioyeyuka hausemi kwamba mjomba wako ni mwizi, na hausemi kwamba si mwizi. Umenyamaza tu. Na hii mikwaruzo ya nati?"

Mjomba aliichukua nati kutoka benchi, akaiweka kiganjani mwake. "Nati hii inafungika kinyume, dada. Gurudumu linapozunguka huku, nati ya kawaida ingejilegeza. Kwa hiyo inakatwa meno ya kushoto. Mimi naijua, siikwaruzi. Jumapili, wakati wa kulifungua mbele ya Babu, Bwana Miwani alininyang'anya spana, akasema ataifungua mwenyewe kwa sababu mimi siaminiki. Akaivuta vile anavyojua yeye. Nilimpokonya kabla hajavunja shafti."

"Kwa hiyo mikwaruzo ni yake."

"Muulizeni Babu. Alikuwepo."

Bi Nukta alitoa gurudumu lake mkobani, akaligeuza. Chini, pembezoni mwa tundu, namba saba ndogo zilichongwa. Alizinakili, akaziangalia mara mbili, akaaga. Mlangoni Kona alimfuata.

"Bi Nukta. Kombe wachukue tu. Ila Mjomba hana kazi nyingine. Akifungiwa atabaki kuwa mtu wa kuwaambia watu alikuwa nani."

"Sikutumwa kuchukua kombe," alisema Bi Nukta. "Nimetumwa kujua."

*

Saa saba na nusu alikuwa peke yake katika chumba cha vipimo. Babu alikuwa amekwenda kula. Umeme ulikuwa umekatika, na feni ya dari ilikuwa imetulia juu ya kichwa chake. Alikuwa na mkate wenye yai, katalogi ya mtengenezaji, na gurudumu.

Zile namba saba aliziona ukurasa wa arobaini na mbili. Mtengenezaji alikuwa amefanya jambo la kiungwana: kwa kitako cha milimita sitini na saba, alitengeneza midomo ya aina tatu tu. Wajuzi wa turbo wana hesabu yao ya kuielezea midomo hiyo. Huchukua mdomo, wakaugawa kwa kitako, wakazidisha jibu kwa lenyewe, kisha mara mia moja. Katalogi ilitaja hamsini na mbili, hamsini na nane, na sitini na mbili. Bi Nukta alipiga hesabu ya fomu ya pili pembeni ya karatasi ya mkate. Mdomo wa hamsini nukta tisa ulitoa hamsini na nane. Gurudumu lilikuwepo katalogini, mtoto halali wa baba na mama.

Akapiga ya fomu ya kwanza. Mdomo wa arobaini na tisa nukta sita ulitoa hamsini na tano.

Hamsini na tano haikuwepo. Haikuwepo ukurasa ule, wala uliofuata, wala katika toleo la mwaka wa nyuma. Gurudumu ambalo Mjomba alisemekana kulitoa na kulificha lilikuwa halijawahi kuzaliwa.

Aliacha kutafuna. Ama kuna mtu alilichonga gurudumu kwa mkono, jambo ambalo lingeacha alama kwenye kingo za mapanga, ama Babu Vipimo alikipima kitu kisichokuwepo duniani. Akalikagua gurudumu kwa kioo cha kukuzia. Kingo zilikuwa safi. Ndipo akafanya lile ambalo katika chumba kile halikuwahi kufanywa kwa miaka thelathini na moja. Alikwenda mlangoni, akatazama kushoto na kulia kama mwanafunzi anayetaka kuruka ukuta, akarudi, akachukua kalipa ya Babu, akapima alichokwisha kukipima Babu.

Arobaini na tisa nukta sita.

Alipima tena. Arobaini na tisa nukta sita. Akachukua pete ya hamsini nukta nane, ikakataa. Ya nukta tisa ikakubali. Gurudumu lilikuwa jembamba kwa kalipa na nene kwa pete, nalo lilikuwa lile lile, mezani pale pale, bila Mjomba kuligusa.

Akaegemea kiti, akatazama juu, kama wafanyavyo watu wote ambao jibu limewakimbia.

Feni ya dari ilikuwa na mapanga matatu. Moja lilielekea mlangoni. Bi Nukta alilifuata kwa macho kupita katikati ya feni hadi upande wa pili, kuelekea dirishani, na huko hapakuwa na kitu. Panga halikuwa na mwenzake wa kutazamana naye. Yale mengine mawili yalikuwa yamekwenda pembeni, moja huku na moja kule.

Akaliangalia gurudumu. Akahesabu kwa ncha ya penseli mapanga yaliyofika mdomoni: moja, mbili, mpaka saba. Kati yake yalikuwapo mengine saba mafupi, lakini hayo yaliishia chini, hayakuufikia mdomo. Kitakoni yote kumi na manne yalikutana. Kumi na manne hugawanyika, kila moja lina mwenzake wa upande wa pili, kwa hiyo kitako kilipimika vizuri siku zote. Saba haigawanyiki. Wapange wanafunzi saba wawili wawili, mmoja atabaki peke yake, na huyo ndiye atakayekwenda kuvunja dirisha.

Umeme ukarudi. Feni ikajikongoja, ikazunguka, na ncha zake tatu zikachora darini duara zima.

Bi Nukta alimaliza mkate wake. Kisha akaomba ngazi.

*

Saa kumi kamili Mwenyekiti wa chama, mtu mwenye tumbo la heshima na kikohozi cha heshima, alifungua kikao katika chumba kile kile. Mjomba alikuwa amevaa koti la kuazima. Kona alikuwa na mfuko mkubwa magotini, na hakuna aliyehitaji kuuliza ndani yake kuna nini.

"Kabla sijasema lolote," alisema Bi Nukta, akiizima feni, "ninaomba mtu mrefu anipimie upana wa hiyo feni. Bwana Miwani, wewe ndiye uliyelalamika, kwa hiyo wewe ndiye ninayekuamini."

"Feni inahusu nini?"

"Panda, bwana. Ngazi ipo."

Bwana Miwani alipanda na utepe wa kupimia, na kwa kuwa darini kulikuwa na giza alilazimika kuivua miwani. Alikuwa na macho ya kawaida. Kona aliyatazama sana.

"Kutoka ncha ya panga hadi ncha ya panga jingine. Ngapi?"

"Sentimita mia moja ishirini na moja."

"Una hakika? Pima tena."

"Mia moja ishirini na moja, mama! Naona namba!"

"Sasa nisomee kilichoandikwa kwenye tumbo la feni."

Bwana Miwani alisogeza uso karibu na feni. "Upana, sentimita mia moja arobaini."

Mwenyekiti alikohoa. "Tumeibiwa sentimita kumi na tisa za feni?"

"Ndivyo Bwana Miwani angetuandikia," alisema Bi Nukta.

Hakuendelea, kwa sababu hapakuwa na haja. Babu Vipimo alikuwa amekwisha kusimama. Alikwenda mezani bila kumtazama mtu, akalichukua gurudumu, akaanza kuhesabu mapanga kwa ukucha wa kidole gumba. Alipofika saba alirudia tangu mwanzo. Kisha akachukua kalipa yake, akabana panga moja na lile la ng'ambo yake, na wote waliokuwa karibu waliona kwamba lile la ng'ambo halikuwa ng'ambo hasa. Lilikuwa limekwenda kando kidogo. Kalipa ilikuwa imekata njia ya mkato.

"Magurudumu ya zamani yalikuwa na mapanga sita," alisema Babu. "Kila panga lina mwenzake. Mkono ulizoea."

"Na wa Mjomba pia ulizoea," alisema Bi Nukta. "Alipima kwa kalipa, akapata ulichopata. Leo na mimi nimepata hivyo hivyo. Pete inagusa ncha zote saba kwa pamoja, ndiyo maana pete peke yake ilisema kweli. Gurudumu ni moja tangu mwanzo. Halijabadilishwa. Muhuri nao uliyeyuka. Hili hapa tone lake."

"Uliyeyuka kwa sababu niliufunga upande wa moshi," alisema Babu. "Na spana ya Jumapili ilikuwa mkononi mwa Bwana Miwani. Niliona." Alivuta fomu ya kwanza, akafungua kalamu. "Mwenyekiti, andika kwamba kosa la fomu hii ni langu. La, nipe, nitaandika mwenyewe. Mwandiko wako haueleweki."

Aliandika mistari miwili, akatia sahihi. Herufi zilikuwa sawa kama zilizopigwa rula.

Mjomba alikuwa bado ameshika kofia. "Kwa hiyo mimi si mwizi."

"Si mwizi," alisema Bi Nukta.

"Ila mdomo umezidi."

"Umezidi tangu siku ya kwanza. Ushindi wa Jumapili haupo."

"Na karakana?"

Mwenyekiti alitikisa kichwa. "Karakana ni yako, Mjomba. Nani aiguse?"

Mjomba aliketi, na koti la kuazima likapasuka kwapani. Kona alicheka mpaka akafuta macho, na katika kufuta huko akatoa kombe mfukoni, akaliweka mezani. Bwana Miwani, aliyekuwa ameshuka ngazi na kurudi gizani kwake, alinyoosha mkono.

"Bado," alisema Babu Vipimo.

"Bado nini? Mimi ni wa pili. Wa kwanza akitoka—"

"Gurudumu lako lina mapanga mangapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Mimi najua, nililipima mwenyewe." Babu alikuwa amekwisha kufungua kabati. Alipitisha kidole kwenye mafaili, akachomoa fomu moja, akampa Bi Nukta aisome kwa sauti.

"Kitako, sitini na saba nukta sifuri," alisoma Bi Nukta. "Mdomo, arobaini na tisa nukta sita." Akaiweka chini. "Gurudumu ambalo halijawahi kuzaliwa. Kumbe lina pacha."

*

Gari la Bwana Miwani lilikuwa nje, limeoshwa. Fundi wake hakuwepo, na mwenyewe alikataa mtu mwingine yeyote asiguse turbo lake. Alifungua kava, akavua koti, akaitia spana kwenye nati, akavuta. Nati haikusogea. Akavuta tena kwa nguvu za mtu anayetazamwa, na shafti ikatoa mlio mwembamba.

Waliokuwepo walikuwa sita, na wawili kati yao walijua mlio ule una maana gani.

"Iache ikatike," alinong'ona Kona. "Mjomba, nakuomba. Kwa ajili yangu."

Mjomba alisimama mikono ikiwa mifukoni. Mtu huyu alikuwa amemwita mwizi tangu Jumapili, mbele ya watu, kwa karatasi tatu zilizopigwa chapa. Shafti ililia mara ya pili.

"Kinyume, kaka," alisema Mjomba.

Bwana Miwani aligeuka.

"Nati hiyo inafunguka kinyume. Vuta kulia. Taratibu, usiibembee."

Bwana Miwani aliitazama spana, akamtazama Mjomba, akavuta kulia. Nati ikaachia kama haijawahi kukaza. Akalitoa gurudumu mwenyewe, akalipeleka kwa Babu Vipimo, ambaye alikuwa ameliweka kasha juu ya boneti na kulifungua.

Babu hakuikimbilia pete ya nukta tisa. Alianza na ya hamsini nukta sifuri, kama kanuni zinavyotaka, akaishika sawa kwa vidole viwili, na akamsubiri mwenye gurudumu alishushe kwa mkono wake mwenyewe.

Likakaa juu ya pete bila kuingia, kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima.

"Jaribu inayofuata," alisema Babu, kwa upole, na Mjomba akasogea karibu kumshikia kasha.